Mabuyu na viazi vya karai Malindi: cha kununua na cha kuacha

Mzunguko wa vijana wakitoka shule ni uleule: mabuyu dukani, viazi mezani, kisha mchangani Silversands.

Mabuyu ndiyo yanayostahili safari. Hesabu yake ni vikombe vinne vya ubuyu, viwili vya sukari na kimoja cha maji, pamoja na iliki, pilipili kidogo na rangi nyekundu. Kazi yote iko kwenye shira. Ikiepuliwa ingali nyepesi, mabuyu yananata vidoleni hadi kesho. Ikizidi moto, sukari inakuwa chenga na kubanduka. Kabla ya kulipa, tikisa kifurushi: yakilia kama changarawe, chukua. Yakikaa kimya, yameshika unyevu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, maduka mengi hufunga kwa karatasi, na karatasi haizuii hewa ya bahari, kwa hiyo wakati wa masika yaliwe siku hiyohiyo. Wekundu wa kupindukia nao usikuvutie, maana mara nyingi unafunika ubuyu wa zamani. Ng'ata moja: ubuyu mzuri una unga mwingi wenye ukali, si kokwa tupu iliyovishwa sukari.

Viazi vya karai vinategemea saa. Kiazi huchemshwa kwa chumvi, kikakaushwa, ndipo kikachovywa kwenye unga mzito uliotiwa bizari. Kikiwa bado na maji, unga unateleza na kubaki karaini. Saa kumi na moja, wateja wakijaa, muuzaji hutia viazi vingi kwa mpigo, mafuta yanapoa, na unachokula ni sponji la mafuta. Fika saa kumi, au subiri karai lipate moto tena. Chatne ya ukwaju iangalie kijikoni: ikichuruzika kama chai, imeongezwa maji baada ya kupungua.

Barafu za ukwaju ni za kawaida tu. Nyingi sukari imezama chini, juu unafyonza maji.

Kuogelea, epuka siku za kaskazi baada ya mvua bara, kwani tope la mto Sabaki husukumwa hadi ghuba ya Malindi na maji kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Wanaoelekea Hifadhi ya Baharini upande wa Casuarina waache chupa, vikombe na mirija ya plastiki: haviruhusiwi humo tangu Juni 2020. Dafu linapita, ila utalinywa kwa mdomo.