Kurudishwa utotoni kwa hipnosisi, dola 80: maoni ya mwalimu wa darasa la kwanza

Nyota mbili kati ya tano.

Huduma hii inatolewa kwa video na mtaalamu aliyeko Marekani. Anakutuliza kwa hipnosisi, yaani hali ya utulivu mkubwa ambamo unafuata maelekezo yake, anakurudisha ukiwa na miaka sita, kisha anakupeleka miaka kumi mbele ya leo. Mkimaliza unatumiwa rekodi. Sauti yake ni nzuri, hana papara, na ile sehemu ya kuhesabu pumzi ilinipa utulivu ambao sikuupata tangu muhula uanze. Hizo nyota mbili ni za hapo.

Tangazo lao linadai kwamba mteja anarudi kweli alivyokuwa mtoto. Mimi kutwa nzima nasahihisha madaftari ya watoto wa umri huo. Mtoto akichora mtu, mara nyingi kichwa kinakuwa kikubwa mno. Akiandika, mstari ukimwishia anazishusha herufi zilizobaki pembeni, na S yake imegeuka nyuma. Mchoro niliochora siku ile nikiwa "mtoto" una nyumba yenye mapazia na njia inayozidi kuwa nyembamba kadiri inavyokwenda mbali. Huo ni mkono wa mtu mzima anayeigiza mtoto.

Halafu lugha. Nilipokuwa na miaka sita, kwetu Tanga, Kiingereza changu chote kilikuwa salamu ya kumwamkia mwalimu. Mtaalamu aliniuliza kila kitu kwa Kiingereza, nami kwenye rekodi najibu kila kitu, kwa sauti nyembamba. Mtafiti wa hipnosisi Martin Orne aliliona jambo hilihili katika utafiti aliouchapisha 1951. Kijana mmoja ambaye utotoni alijua Kijerumani tu aliulizwa kwa Kiingereza kama anakielewa Kiingereza, akajibu kwa Kijerumani kwamba hakielewi. Asiyeelewa swali atalijibuje? Mwingine aliandikishwa sentensi ndefu ya kitaalamu: mwandiko ulikuwa wa kitoto, tahajia haikuwa na kosa hata moja.

Tangazo linajivunia pia utafiti wa Robert True, uliotoka katika jarida la Science mwaka 1949. Watu 50 walirudishwa utotoni wakaulizwa siku zao za kuzaliwa na Krismasi ziliangukia siku gani ya juma, na asilimia 81 ya majibu yakawa sahihi. Halisemi kwamba True mwenyewe alikuwa anazijua siku hizo, na alikuwa akizitaja moja baada ya nyingine: ni Jumatatu? Ni Jumanne? Waliojaribu tena kwa muulizaji asiyejua jibu hawakuyapata matokeo hayo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Michael Nash alipitia tafiti za miaka 60 na hakuona ushahidi kwamba akili ya mtu mzima inarudi kufanya kazi kama ya mtoto.

Safari ya mbele niliipenda zaidi. Nilijiona nimestaafu, nimekaa Raskazone natazama bahari, machozi yananitoka. Lakini watafiti Rubenstein na Newman walishaandika 1954 kwamba anayepelekwa miaka ya mbele huisimulia kama anayeiishi. Hayo hayajatokea. Basi machozi ya kwenye safari ya kurudi nyuma nayo hayathibitishi kwamba kilichoonekana kilitokea.

Kinachonikera hasa ni kifurushi wanachokusukumia ukimaliza, cha kufukua kumbukumbu zilizozikwa na kumtafuta aliyekudhuru utotoni. Tafadhalini, msikinunue. Kule Canada, mwanasaikolojia Nicholas Spanos na wenzake waliwaaminisha watu kwamba wanaweza kukumbuka siku iliyofuata kuzaliwa kwao, na wengi wakasimulia hadi pambo lililoning'inia juu ya kitanda. Chama cha Madaktari cha Marekani kilionya tangu 1985 kwamba yanayokumbukwa katika hipnosisi yanaweza kuchanganyika na ya kubuni. Mtu akitoka huko na jina la baba yake mdogo mdomoni, ukoo mzima unapasuka, na hakuna wa kuthibitisha wala kukanusha.

Mwenye jeraha la utotoni amwone mwanasaikolojia hospitalini, azungumze akiwa macho kabisa. Anayetafuta usingizi tu, wanauza rekodi ya kupumzika peke yake, dola 12, na hiyo inafaa.