Sarafu ya kale au dhahabu ya uzito: kiinua mgongo kiende wapi?

Tabora ina sarafu yake ya dhahabu. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani waligonga hapa hapa mjini sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke: upande mmoja tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, mlima nyuma yake. Ina uzito wa gramu 7.17, na dhahabu halisi humo ni gramu 5.4 tu. Lakini mkusanyaji huilipia zaidi sana ya hizo gramu, kwa kuwa ziligongwa 16,000 na ushei basi.

Hapo ndipo penye utamu, na penye mtego. Bei inategemea uchache, hali ya uso wake na kumpata mnunuzi anayeijua. Mtu akiisugua kwa majivu ing'ae, thamani imeporomoka. Na za bandia zipo. Sonara asiyeijua ataiweka kwenye mizani, akulipe gramu.

Dhahabu ya uzito ni kama Krugerrand, sarafu ya Afrika Kusini iliyoanza 1967: haibembelezi mtu kwa historia. Ni karati 22, ndani mna aunsi moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1. Bei unaipigia hesabu mwenyewe kwa simu: bei ya dunia ya siku hiyo, ongeza cha muuzaji. Haizai riba, na dhahabu nayo hushuka.

Mstaafu aliyelipwa mafao kwa mkupuo ningemwambia achukue ya uzito, tena kwa sehemu tu ya fedha. Ya tembo ainunue anayeipenda, kwa hela ambayo hata ikilala miaka kumi, ada ya mjukuu italipika.