Keshero ya chini hadi Birere: uzoefu wangu na taksi-basi na moto za Goma

Ninaishi Goma, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Keshero ya chini, upande wa ziwa Kivu, si mbali na soko la Kituku. Kazi yangu iko Birere, mtaa wa katikati ya mji, kwenye atelye ya kushona. Siku sita kwa juma nakwenda na kurudi kwa moto (ndivyo tunavyoita pikipiki ya abiria) na taksi-basi, tangu mwaka 2021. Naandika haya kwa ajili ya mtu yeyote anayefikiria kupanga nyumba au kununua kiwanja upande wetu. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, atakuonyesha ziwa, na ni kweli ziwa ni zuri. Mwombe akuonyeshe pia njia ya kufika barabarani.

Sisi hatukuja huku kwa ajili ya ziwa. Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu, Nyiragongo, ililipuka, lava ikashuka usiku mpaka Buhene, kaskazini mwa mji, na nyumba tuliyokuwa tunapanga ikabaki chini ya makoro, mawe ya lava. Siku tano baadaye, serikali ilipoamuru mitaa mingi ya mji ihame, nilikuwa katika ule umati uliokwenda Sake, mji mdogo ulio magharibi mwa Goma. Njia ya Sake ni moja. Magari yalisimama kama yamejengwa pale, na sisi tulitembea na magodoro kichwani. Tuliporudi, binamu yangu alitutafutia vyumba viwili Keshero.

Wengi tunaoishi huku tuna hadithi inayofanana na hiyo. Kuna waliosukumwa na lava ya Januari 2002, ile iliyopasua mji katikati hadi ziwani. Kuna waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Na kuna wenye pesa waliopenda ukingo wa maji wakajenga ghorofa na hoteli. Nilipofika, mbele ya mlango wetu kulikuwa na bustani ya maharage. Leo kuna ghorofa tatu zenye vioo, na nyuma yake ukuta mrefu wa hoteli. Watu wameongezeka kiasi kwamba watoto wangu hawajui tena majina ya majirani wote. Barabara ya lami lakini imebaki ile ile moja, inayotoka mzunguko wa Signers, mjini, kupitia mtaa wa Katindo kwenda Sake, na mabasi yanatembea juu yake tu. Hakuna hata moja linaloshuka kwetu.

Basi safari yangu ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kutoka nyumbani hadi lami: dakika 25 kwa miguu, juu ya makoro. Asiyeijua Goma anaweza kudhani ni kokoto. Makoro ni lava iliyoganda, ina meno, inakata soli na inakata tairi. Natoka na kambambili miguuni, viatu vya kazi viko ndani ya mfuko. Nikichelewa napanda moto, franka 1,000 za Kongo, na mvua ikinyesha ni 1,500. Kipande cha pili ni taksi-basi mpaka Signers, franka 500, halafu natembea hadi Birere.

Tazama hapo vizuri. Kipande kifupi ndicho kinachokula pesa. Nikipanda moto kwenda na kurudi, na basi kwenda na kurudi, siku moja ni franka 3,000. Siku 26 za kazi ni franka 78,000, karibu dola 28 kwa bei ya dola ya mwaka 2024, franka 2,800. Kodi yetu ya nyumba ni dola 50. Kwa hiyo mwezi ambao sitembei kwa miguu, nalipa zaidi ya nusu ya kodi nyingine kwa usafiri, na theluthi mbili ya pesa hiyo ni kwa sababu tu naishi chini na gari linapita juu. Mama anayeuza mboga Kituku hawezi kuhesabu hivyo hata kidogo. Yeye anatembea, na mzigo mgongoni.

Sasa gari lenyewe. Ni Hiace ya zamani, na benchi ya watu watatu inabeba wanne. Zikijaa, konvoyeri, yaani kondakta, anatoa kibao na kukilaza katikati ya viti viwili, juu ya njia ya kupita. Kibao cha gari ninalopanda mara nyingi kimelainika kama meza ya kanisani kwa kukaliwa, na mwishoni kina msumari waliouzungushia kitambaa. Ukikalia kibao, kila anayeshuka lazima akuinue. Konvoyeri anaita: “Ba mama, musonge kidogo, iko nafasi ya mutu moja!” Nafasi hiyo haipo, lakini mtu huyo ataingia, na sisi tutasonga kwa sababu nasi jana tulikuwa nje tukiomba nafasi.

Gari haliondoki mpaka lijae. Asubuhi hilo si tatizo, linajaa upesi. Saa nne au saa tano unaweza kukaa ndani nusu saa, jua linapiga bati, dirisha halifunguki.

Siwalaumu shofere na konvoyeri kwa hili, na nataka lieleweke. Nimekaa mbele na mashofere mara nyingi, nimewauliza. Gari si lao. Kila jioni lazima wampelekee mwenye gari kiasi walichopatana, abiria wawepo wasiwepo. Mafuta wananunua wao. Kiti kitupu ni chakula cha watoto wao kinachopungua. Na kwa nini hawashuki Kituku? Mmoja alinijibu akinionyesha tairi la akiba: “Mama, nikishuka kule mara mbili, hii inakufa, na tajiri hatanilipia.” Mtu huyo hakuwa na kiburi, aliniambia hesabu yake.

Jambo ninalolichukia kwa moyo wote ni mlango. Kwetu magari yanapita upande wa kuume wa barabara. Lakini mabasi mengi yaliletwa na usukani wa kuume, yalitengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria uko kushoto. Maana yake, gari likisimama kando ya lami, wewe unashukia katikati ya barabara. Siku moja mwaka jana nilishuka Katindo na mwanangu wa miaka sita. Nilitanguliza mguu, nikageuka kumpokea, naye alikuwa amesharuka. Moto ilipita kati ya mkono wangu na mgongo wake, nilisikia joto la egzosi kwenye kiwiko. Motari, mwendesha moto, alipiga kelele, mimi nilipiga kelele, mtoto alicheka kwa sababu hakuelewa. Mikono ilinitetemeka mpaka jioni, sikuweza kupitisha uzi kwenye sindano. Tangu siku hiyo nashuka mimi kwanza, natazama nyuma, nasimama kama ukuta, ndipo namtoa mtoto. Kila mzazi anayepanda mabasi haya afanye hivyo, asimwachie konvoyeri.

Jioni ni hadithi nyingine. Saa kumi na moja hadi saa moja usiku watu wote wa mjini wanarudi magharibi, Himbi, Keshero, Ndosho, Mugunga, na magari hayatoshi. Ndipo wanapokata njia. Unalipa Signers ukiambiwa gari linakwenda Keshero, na likifika Katindo linageuka. Ukitaka kuendelea, lipa tena. Nakumbuka jioni moja ya mvua, mzee mmoja mwenye koti alikataa kushuka. “Mutoto yangu, mimi nimelipa mpaka Keshero.” Konvoyeri akamjibu kwa heshima, kichwa chini: “Papa, shofere ndiye amesema.” Mzee alishuka, akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akaanza kutembea ndani ya maji. Sisi wengine tulimfuata.

Jioni hiyo nilikuwa nimebeba gauni la harusi la mteja, satini nyeupe, nimelifunga pamoja na kitenge chekundu cha mama yake. Nilikuwa nimetoka nalo ili nimalizie pindo nyumbani usiku. Mfuko uliingia maji. Nilipoufungua, rangi ya kitenge ilikuwa imevuja kwenye satini, kifuani, mahali ambapo huwezi kuficha kwa shada wala kwa lesi. Nilinunua satini nyingine kwa pesa yangu na kushona upya bila kulala. Bibi harusi hakujua. Mama yake alijua, akanishika mkono, hakusema neno. Nani atanirudishia pesa ile? Hakuna tiketi, hakuna karatasi, hakuna mahali pa kulalamika.

Motari wa mtaa wetu nawashukuru. Kuna kijana mmoja anayenibeba tangu mwaka 2022, anapita taratibu juu ya makoro, anajua mimi ni mgonjwa wa mgongo. Mwanangu alipopata homa kali usiku, ndiye aliyekuja. Lakini moto si usafiri wa mtaa mzima. Zaidi ya mara moja wakubwa wa mji wamezikataza kutembea baada ya saa kumi na mbili jioni kwa ajili ya usalama, na saa hiyo ndiyo sisi tunaposhuka kwenye basi tukiwa na mizigo. Hapo mwanamke anabaki na miguu yake na tochi ya simu.

Mwaka 2024 mambo yalizidi. Mapigano yalipofika Sake mwezi wa pili, njia ya Minova, mji mdogo kando ya ziwa, ilifungwa, na chakula cha mji kikaanza kuja kwa boti. Maharage, ndizi, mihogo, mkaa, vyote vilishukia Kituku. Njia yetu ya makoro, ambayo hata baiskeli inailalamikia, ikawa njia ya kulisha Goma. Chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma ya magurudumu mawili, zenye magunia, wanawake wenye mizigo iliyofungwa kwa kamba kwenye paji la uso, watoto wenye bidoni za maji ya ziwa, wote kwenye ujia mmoja. Hata wakati huo hakuna basi lililoshuka.

Watu wengi husema: ziwa si liko hapo, wekeni boti ya abiria kutoka Kituku hadi bandari ya mjini. Nilikuwa mmoja wao. Halafu tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikazama mbele ya Kituku, watu wa pwani wakiitazama. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa. Nilikuwa Birere, jirani alinipigia simu akilia, nikakumbuka ile sauti ya konvoyeri: iko nafasi ya mutu moja. Bado naamini boti ingetusaidia. Lakini iwe na jaketi la kuokolea la kila mtu, na awepo anayehesabu abiria na mwenye uwezo wa kusema hapana.

Tunachohitaji hakihitaji miujiza. Njia moja tu, kutoka lami hadi Kituku, isawazishwe na kumwagiwa changarawe ili tairi lisife. Mabasi machache yashuke huko asubuhi na jioni, na nauli iandikwe mlangoni ili anayelipia Keshero afikishwe Keshero. Hapo ng'ambo ya mpaka, Gisenyi ya Rwanda, nimepanda basi la Kigali lenye tiketi yenye saa ya kuondoka, na liliondoka saa hiyo. Ni ziwa lile lile, na volkano tunaiona sote.

Kama bado unataka kuhamia huku, tafuta nyumba iliyo karibu na lami, hata kama ni ndogo na haioni maji. Kama umeipenda ya chini, usiende kuitazama Jumapili mchana na komisioneri. Njoo siku ya kazi. Panda basi Signers saa kumi na mbili jioni, shuka litakapokushusha, utembee mpaka mlango wa nyumba hiyo ukiwa umebeba kitu kizito. Fanya hivyo kabla ya kutoa garanti, ile pesa ya dhamana ya nyumba.