George Benson, Breezin': uzoefu wangu na santuri ya 1976

Nianze na onyo kwa mnaomjua George Benson kupitia vipindi vya usiku vya redio, vile vya nyimbo za mapenzi: kwenye santuri hii kaimba wimbo mmoja tu. Nyingine tano zote ni gitaa. Ukiinunua ukitarajia kubembelezwa mwanzo mwisho utaona umepigwa. Mimi niliitafuta kwa ajili ya hilo gitaa na sijutii hela yangu.

Huyu si mwimbaji aliyeokota gitaa njiani. Ni kijana wa Pittsburgh aliyepikwa kwenye bendi ya mpiga ogani Jack McDuff miaka ya 60, na mwaka 1968 Miles Davis mwenyewe, yule mpiga tarumbeta mkubwa wa jazi, alimwita studio. Ndiyo maana 1976, alipohamia kampuni ya rekodi ya Warner Bros. na prodyuza Tommy LiPuma akamzungushia vayolini za Claus Ogerman juu ya midundo ya soul, muziki wa Wamarekani weusi, wenye jazi yao walinuna. Albamu ikashika namba moja Marekani kwenye chati za pop, za soul na za jazi. Kwa walionuna, huo ukawa ushahidi kwamba jamaa kajiuza.

Mimi huo ushahidi siuoni. Sikiliza This Masquerade, huo mmoja alioimba, utunzi wa Leon Russell. Unakwenda dakika nane hivi. Kabla hajafika kwenye ubeti, Benson anacharaza gitaa huku mdomo unaifuata kila noti, sauti na nyuzi zinatoka pamoja hadi unashindwa kujua kipi kinamwongoza mwenzake. Baadaye Jorge Dalto anaachiwa piano na hakuna anayemharakisha. Mtu aliyetaka soko tu asingeacha nafasi yote hiyo. Redioni waliupiga ukiwa umefupishwa, ukabeba Grammy ya rekodi bora ya mwaka, lakini aliyesikia kile kipande tu hajausikia.

Wimbo uliobeba jina la albamu, wa Bobby Womack, ndio unaonichosha. Gitaa safi, ila vayolini zimezidi kama chai ya msibani iliyotiwa sukari na watu watatu. Six to Four unapita tu.

Geuza upande wa pili. Affirmation, wa José Feliciano, ndio wimbo ninaourudia kuliko zote. Phil Upchurch anashikilia rithimu, Harvey Mason kwenye drams hana papara, na Benson anaanza kistaarabu kabisa, anaitaja melodia kama mtu anayepiga hodi. Kisha anachemka. Noti zinamwagika na hakuna hata moja iliyokanyaga nyingine. Hapo soul imebaki kuwa sakafu, anayecheza juu yake ni mwanajazi.

Wanaotaka kumshitaki wangesubiri 1980, albamu ya Give Me the Night, alipokuwa na prodyuza Quincy Jones. Kule gitaa kweli lilirudi nyuma likampisha mwimbaji. (Na hata hiyo ikipigwa harusini nanyanyuka.)

Kuhusu nakala yenyewe: yangu ni mtumba. Muuzaji aliapa ni safi, kumbe mwanzo wa upande A unakwaruza, na sehemu moja sindano inaruka. Kabla hujalipa, itoe kwenye jalada uiinamishe kwenye mwanga, mikwaruzo itajionyesha yenyewe. Ukiacha hayo, urekodi wake ni wa hali ya juu, mtambo ulikuwa mikononi mwa Al Schmitt. Besi ya Stanley Banks inasikika nene bila kuvuma. Usiisikilizie kwenye spika ya simu, besi yote inapotea na utabaki na zile vayolini.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kwa mpiga gitaa anayejifunza kutembeza solo bila kukimbia, ingekuwa tano, tena aanzie upande wa pili.