Kituo cha mazoezi cha mwanangu Mbagala, na nini cha kuangalia kabla hujampeleka mtoto wa mtindio wa ubongo popote

Kila wiki naona mama mwingine anauliza aende wapi na mtoto mwenye mtindio wa ubongo hapa Dar, na majibu anayopewa ni majina tu, nenda kwa fulani, nenda kule wazuri, basi. Jina peke yake halisaidii jamani. Mimi nawaelezea kituo tunachoenda sasa hivi, kiko huku Mbagala, kidogo tu, nyumba ya kupanga wameweka mikeka na magodoro ya mazoezi, anayetaka jina anifuate inboksi maana sijawaomba ruhusa ya kuwaanika hadharani, ila nataka muelewe KWA NINI tuko pale, kwa sababu hizo sababu unaweza kwenda nazo kituo chochote, iwe Mwanza, Tanga au hata Mombasa.

Kwa wageni wa haya mambo, kama mtoto hajawahi kuangaliwa vizuri anzia hospitali kubwa, Muhimbili au CCBRT pale Msasani ambao wapo tangu 1994 na watoto wetu wanawajua. Ujue tatizo linaitwaje, kifafa kiangaliwe, macho na masikio yapimwe. Kituo cha mtaani ni cha ile safari ndefu inayofuata, kile utakachoenda hata mvua ikinyesha na nauli ya kuungaunga.

Sasa siku ya kwanza pale. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mdogo tu, hakumpokonya mtoto mikononi mwangu kama tulivyozoea. Alikaa chini kwenye mkeka, akamsalimia mtoto, mtoto mwenyewe, ndo baadae akanisalimia mimi. Akatoa kopo lina mawe ndani akalitingisha, akaliweka pembeni kidogo, akanyamaza. Akasubiri. Mwanangu mikono yake mizito, inachukua muda mpaka iitike, na kwingine kote watu wanakimbilia kumshika mkono wamsogezee. Huyu alisubiri mpaka mkono wa kushoto ukaanza kwenda wenyewe, ndo akachukua kalamu akaandika. Halafu maswali, anakula akiwa amekaaje, nani anamlisha ukiwa kazini, anapaliwa, analala upande gani, nyumbani mnakaa chini au kwenye makochi. Hamna hata swali moja la mimba ulibebaje na ulimkosea nani, na mama yeyote mwenye mtoto kama wangu anajua hayo maswali yanavyochosha roho.

Kitu kilichonifanya nibaki pale ni kwamba wananifundisha MIMI. Fikirieni wenyewe, mazoezi ni dakika 45, mara moja au mbili kwa wiki, saa zote zinazobaki mtoto yuko na wewe, na bibi yake, na dada wa kazi. Kama mtaalamu anafanya mazoezi mazuri halafu mnarudi nyumbani mtoto analazwa chali kutwa nzima basi hela imeenda na mtoto yuko vile vile. Na hili sio la kwangu peke yangu, mwaka 2013 watafiti wa Australia wakiongozwa na Iona Novak walipitia tafiti nyingi za matibabu ya mtindio wa ubongo wakazipanga kwa rangi kama taa za barabarani, na mazoezi ya nyumbani anayofundishwa mlezi, na yale ya kulenga kitu mtoto anachotaka kukifanya, yalipata kijani, yaani yanafaa. Kwa hiyo pale hawasemi "tunafanya mazoezi ya mikono", wanakuuliza mnataka nini. Sisi tulisema kikombe, tunataka ashike kikombe cha uji mwenyewe. Basi kila kitu kikaelekezwa kwenye kikombe, akaeje ili mikono iwe huru, kikombe chenye masikio mawili, nani akae upande gani. Dada wa kazi naye aliitwa, akafundishwa yeye kwa mikono yake, akaambiwa haya fanya nikuone.

Ili akae vizuri akahitaji kiti, na cha dukani sina uwezo nacho. Wakatuonyesha kutengeneza cha maboksi. Mnachukua maboksi magumu ya katoni, mnakata kwa vipimo vya mtoto, mnabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa, juu magazeti, mnaanika juani mpaka kikauke kabisa ndani na nje, ndo mnapaka rangi. Kina mgongo na mbavu za pembeni na meza yake mbele. Mume wangu alikuwa anaona utani, leo hii mtoto anakaa humo anakula na wenzake, kichwa kimesimama.

Kuna sehemu tulipita kabla sitaitaja, pazuri kwa macho, vigae, tivii ukutani, na wanakwambia mama subiri nje. Mtoto analia ndani wewe uko benchini. Ukiuliza unaambiwa ukiwepo anadeka. Siku moja nikaingia kwa nguvu nikakuta anakunjuliwa miguu kwa kukandamizwa. Nawaambia kwa msisitizo, mtoto asiyetembea mifupa yake inakuwa dhaifu, na akiwa anameza dawa za kifafa kwa muda mrefu kama fenobabitoni inazidi kudhoofika, kuna watoto wanavunjika kwa kunyooshwa. Kituo kinachokutoa nje, ondoka siku hiyo hiyo, hata kama umeshalipia mwezi mzima, dai hela yako, wakikunyima wewe ondoka tu na mtoto wako.

Halafu viti mwendo. Hapa ndo watu wanaumizwa huku wanashukuru. Mnazijua zile hafla, kamera, fulana, kiti cha mtu mzima anakabidhiwa mtoto wa miaka mitano, makofi. Mtoto anazama mle ndani, mgongo unapinda, miguu inaning'inia, mwisho kiti kinaishia uani kinaanikiwa nguo. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo toka 2008 kwamba kumpa mtu kiti mwendo ni hatua 8, kuanzia rufaa na kupimwa mpaka kufundishwa kukitumia na kufuatiliwa na kutengenezewa kikiharibika, na 2023 wakatoa mwongozo mpya, sasa hao wanaogawa na kuondoka wamefanya hatua ngapi? Kituo chetu hawana viti, walituandikia rufaa, lakini yule dada alitusindikiza siku ya kujaribisha. Akapitisha kiganja chini ya makalio ya mtoto, kulia na kushoto, kusikilizia kama mfupa unambana vidole. Mkanda akaulaza nyongani, usipande tumboni. Nyuma ya goti akaacha nafasi ya vidole viwili. Nyayo zikanyage zote. Akatuambia tukimtoa kwenye kiti tukague ngozi, na sisi weusi usitafute wekundu, gusa, kama pana joto au pamebadilika rangi kuliko pembeni na hapatulii, rudisha kiti.

Kingine walichonipa ambacho sikuwahi kupewa kwingine ni ukweli. Kuna kipimo cha ngazi 5 cha uwezo wa mtoto kutembea na kujisogeza, kilichotengenezwa Kanada 1997, wa ngazi ya 1 anatembea na kukimbia ila ana shida ndogo ndogo, wa 5 hata kichwa kukishikilia ni kazi. Wa kwangu ni ngazi ya 4. Aliniambia hivyo hivyo, taratibu, akaniambia ina maana kiti mwendo kitakuwa miguu yake kwa sehemu kubwa ya maisha, na akaniambia anaweza kufanya mangapi akiwa kwenye hicho kiti, shule ikiwemo. Niliumia sana ila siku hiyo ndo niliacha kuhangaika na wale wa "mama lipia miezi mitatu atatembea". Na kwa sababu ya hiyo ngazi akaagiza picha ya nyonga, ile ya eksirei. Wamama msikie hapa, watoto wasiotembea nyonga inaweza kuwa inatoka taratibu bila dalili, unakuja kushtuka unamvalisha nepi analia na hujui kwa nini. Kama kituo hakijawahi kukutajia picha ya nyonga na mtoto hatembei, ulizeni.

Mapungufu yapo. Choo kina kizingiti, kituo cha watu wenye ulemavu choo kina kizingiti, hili nimelisema na nitaendelea kulisema mpaka wakivunje. Mtaalamu wa kumeza na kuongea hawana, hawa ni wachache sana nchi nzima, wanakuletea mtu siku moja moja tu na hiyo siku mnajazana. Bima hawapokei. Kipindi kimoja 20,000, kwa wengi wetu hiyo sio hela ndogo, ingawa wanakubali ulipe nusu nusu na risiti unapewa. Na simu yao haipokelewi saa za kazi kwa sababu mpokea simu ndo huyo huyo anashika watoto.

Mkipiga simu kituo chochote ulizeni, nitakaa ndani na mwanangu? Mtanifundisha mimi na anayebaki nae nyumbani? Nani atamshika, amesomea nini, cheti kiko wapi? Nisipokuja wiki mbili mtanitafuta? Hilo la mwisho mimi nalipa uzito mkubwa, pale kwetu niliuguliwa nikapotea wakapiga wenyewe kuuliza mtoto anaendeleaje, wakanielekeza kwenye simu nini cha kufanya mpaka nirudi. Msikilizeni na anavyojibu, anayejua kazi hakasiriki ukimuuliza cheti.

Kwa watakaokuja huku kwetu, Jumatatu msije, foleni ni ya mpaka mchana na watoto wanachoka. Jumatano asubuhi ndo kumepoa. Njooni na chakula cha mtoto kile kile anachokula kila siku, na kijiko chake na kikombe chake cha nyumbani, maana watawaambia mumlishe pale pale waone.