Maziwa ya kupima Kariobangi South: tathmini ya duka lisilouza pakiti

Kwa muda wa miezi saba nimekuwa nikinunua maziwa, mafuta ya kupikia na mayai katika duka moja dogo la Kariobangi South jijini Nairobi, hatua chache kutoka barabara ya Outer Ring, na katika muda huo wote sijaingiza nyumbani mwangu pakiti hata moja ya maziwa. Naandika tathmini hii kwa sababu duka hilo limenifaa kwa bei na kwa ubora, lakini zaidi kwa sababu naamini kwamba maduka ya aina yake yanastahili kutajwa kila mazingira ya jiji letu yanapojadiliwa, na hayatajwi. Ukizungumzia ununuzi usiozalisha taka, watu hufikiria maduka ya upande wa magharibi mwa jiji yenye mitungi ya vioo na miswaki ya mianzi, ambako kuingia tu kunataka mfuko ulionona. Mama anayempimia mtoto wa jirani maziwa ya shilingi ishirini katika kikombe alichotoka nacho nyumbani hahesabiwi, ilhali kazi yake ni ile ile na wateja wake ni wengi zaidi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja katika orofa ya chini ya ploti. Upande wa kulia mna mashine ya chuma kisichoshika kutu, ambayo kila mtu hapa huiita ATM, yenye tangi linalopozwa kwa umeme na vitufe vya kuandikia kiasi cha pesa. Unaweka chombo chako chini ya bomba, mwenye duka anaandika kiasi unachotaka, na maziwa yanamiminika hadi thamani hiyo itimie. Kandoni mna pampu ndogo ya mafuta ya kupikia, na juu ya kaunta zimepangwa trei za mayai. Hakuna kingine cha maana, na nadhani uchache huo ndio unaomwezesha mama huyu kuliweka duka lake safi kuliko mengi niliyoyaona mtaani.

Lita moja ya maziwa, ninapoandika, ni shilingi 110, na mtu anaweza kununua hata ya shilingi kumi. Pakiti ya nusu lita katika kioski cha jirani ni shilingi 65, kwa hiyo anayenunua pakiti hulipa shilingi 130 kwa kiasi kile kile. Nyumba yangu hutumia lita moja na nusu kwa siku, na tofauti hiyo hufika shilingi 900 kwa mwezi. Zaidi ya fedha, kwa hesabu hiyo ningekuwa nimetupa pakiti zaidi ya 600 tangu nianze kununua hapa, nami mahali zinapokwenda pakiti hizo napajua, kwa kuwa upepo ukivuma kutoka kaskazini mashariki tunaufunga mlango.

Wakenya wengi wanakumbuka tarehe 28 Agosti 2017, siku ambayo marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa, ikiwa na faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Naiunga mkono marufuku ile kwa moyo wote, na mtu yeyote aliyeviona vichaka vya Nairobi kabla yake anajua ilichokifanya. Hata hivyo, ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa; vifungashio ambavyo bidhaa hutoka navyo kiwandani viliachwa. Mfuko wa kubebea maziwa ukaondoka, na mfuko ambamo maziwa yenyewe yamo ukabaki. Jalala la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001, linaendelea kupokea mifuko hiyo kila siku kando ya Mto Nairobi. Waokotaji wa taka hukusanya chupa ngumu na vyuma kwa sababu vina mnunuzi, lakini pakiti nyepesi iliyoganda mabaki ya maziwa haina uzito mizanini wala thamani sokoni, basi huachwa hapo hadi moto uifikie. Moshi huo ndio tunaoufungia mlango, na watoto wa Dandora na Korogocho wanauvuta wakiwa darasani.

Hata hivyo, kabla ya kulisifu duka hili kwa kutuepusha na taka hizo, nilitaka kuhakikisha kwamba halifidii bei yake nafuu kwa kupunja. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe huwa na uzani wa takriban gramu 1,030, kwa hiyo nilitumia mizani ya jikoni, nikapima chupa ikiwa tupu na ikiwa imejaa. Mara tatu nilizonunua lita nzima nilipata gramu 1,024, 1,031 na 1,027, tofauti ambayo hata mizani yangu inaweza kuwa imeisababisha. Maziwa ya shilingi ishirini, ambayo yanapaswa kukaribia gramu 187, yalipungua kidogo kila mara. Mara moja yalikuwa gramu 171. Nilimweleza mwenye duka, naye akanionyesha kwamba bomba hubakiza maziwa kidogo baada ya mashine kusimama, na kwamba mteja akiondoa kikombe haraka tone la mwisho humwangukia mtu mwingine. Tangu siku hiyo humwambia kila mtoto asubiri. Jambo hili si dogo, maana anayenunua ya shilingi ishirini ndiye asiyeweza kupoteza hata kijiko kimoja.

Kuhusu usalama, nina lalamiko moja ambalo sina budi kulieleza. Asubuhi moja mwezi wa Mei nilichemsha maziwa yakakatika yote, lita nzima, nikiwa nimeshatia majani ya chai. Nilirudi dukani nikiwa na sufuria mkononi. Mama hakubishana nami. "Mwalimu, stima ilipotea saa nane za usiku, nami nilifika hapa saa kumi na moja nikaona taa inawaka nikadhani kila kitu kiko sawa," alisema, akanirudishia fedha zangu na kuwaita wateja wengine wawili waliokuwa wamenunua kabla yangu. Mwenendo huo ulinifanya nimwamini zaidi, lakini kosa lilikuwa kosa: mashine ina kipimo cha joto usoni pake, na hakukisoma. Siku hizi hukiangalia mbele ya mteja, nami nawashauri wanaonunua katika mashine yoyote ya aina hii wakisome wenyewe. Kikizidi nyuzi tano, rudi nyumbani ukanywe chai ya rangi.

Maziwa haya hufika yakiwa yamechemshwa na kupozwa, mama huyo anavyoeleza, na cheti cha msambazaji kimebandikwa ukutani. Bado nayachemsha tena nyumbani, na ningefanya hivyo popote. Kuchemsha huua viini vya magonjwa kama brusela, ingawa hakuondoi sumu ya ukungu inayoingia katika maziwa kupitia chakula kibovu cha ng'ombe, na ndiyo maana swali la mahali maziwa yanakotoka linanihusu kama mnywaji na si kama mpenda wanyama peke yake.

Hapo ndipo duka linaponipungukia. Nilipouliza ng'ombe hao wanafugwa wapi na namna gani, mwenye duka alimjua msambazaji wake kwa jina, akajua kwamba maziwa hutoka Kiambu, na ujuzi wake ukaishia hapo. Simlaumu yeye peke yake, kwa sababu pakiti yenye picha ya ng'ombe kwenye majani mabichi hainiambii zaidi ya hayo. Ng'ombe wengi wa maziwa wanaofugwa kandokando ya Nairobi hawajawahi kukanyaga malisho. Hufugiwa zizini maisha yao yote kwa kuwa mashamba yamekatwakatwa yakawa madogo. Zizi si ukatili kwa lazima. Ng'ombe mwenye mahali pakavu pa kulala, maji wakati wote na sakafu isiyomtelezesha anaweza kuishi vizuri. Ila yuko pia anayesimama katika matope hadi magotini, na ndama dume anayetenganishwa na mamake siku ya kwanza na kuuzwa kwa kuwa hatatoa maziwa. Mimi mnywaji ndiye ninayemlipa mfugaji, na nataka kujua ninalipia maisha ya aina gani. Nimependekeza kuwe na ubao dukani unaoonyesha ushirika au mfugaji aliyeleta maziwa ya siku hiyo. Mama amekubali kumuuliza msambazaji, na hadi leo jibu halijarudi.

Mayai nayo yana habari yake. Kuna trei za mayai ya gredi, yaani ya kuku wa kisasa, kwa shilingi 16 kila yai na trei ya mayai yanayoitwa ya kienyeji kwa shilingi 25 kila yai. Wateja huchagua ya pili kwa kuangalia rangi ya ganda na ya kiini, na hapa ningependa wasomaji waelewe jambo ambalo nami nilichelewa kulielewa: rangi ya ganda hutokana na aina ya kuku, na rangi ya kiini hutokana na chakula chake. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoeleza kama kuku huyo alitembea. Kuku wa mayai anayefugwa katika vizimba vya waya huishi katika nafasi inayokaribia ukurasa mmoja wa karatasi ya A4, asiweze kunyoosha mabawa, kuoga mavumbi wala kutagia mahali pa faragha, mambo ambayo kuku yeyote wa shambani huyafanya bila kufundishwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya aina hiyo mwaka 2012, ilhali kwetu vinauzwa kama maendeleo. Tunayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na ningefurahi sana kuiona ikisomwa mbele ya banda la kuku kama inavyosomwa mbele ya mwenye punda. Mwenye duka anamfahamu mama wa Ruai anayemletea yale ya shilingi 25, na amewaona kuku hao wakizurura. Hayo ndiyo ninayonunua, machache kuliko zamani.

Mafuta ya kupima ni mazuri ila nina ombi. Chombo chake ni cha plastiki angavu na kimewekwa mahali jua la asubuhi linapoingia. Mafuta ya kupikia nchini huongezwa vitamini A kwa mujibu wa sheria, na vitamini hiyo huharibiwa na mwanga, kwa hiyo chombo hicho kinahitaji kufunikwa kitambaa au kuhamishwa upande wa pili. Gharama yake si kitu.

Kuna rafiki yangu aliyeniambia kwamba mazingira ni wasiwasi wa watu walioshiba, na kwamba mkazi wa Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki mwa jiji, ana shida kubwa kuliko pakiti. Sikubaliani naye, na duka hili ndilo jibu langu. Tumezoea kuambiwa kwamba kununua kidogo kidogo ndiko kunakochafua jiji, kwa sababu kampuni ziliamua kwamba maskini atauziwa sabuni, mafuta na viungo katika vipakiti vidogo. Uamuzi ule ulifanywa kiwandani, na lawama ikaletwa kwetu. Kupima kulikuwepo kabla ya kipakiti, na kunampa mwenye shilingi ishirini haki ile ile ya kununua kwa heshima bila kumwachia jirani moshi. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji awajibike kwa taka za bidhaa zake. Ningetaka kaunti nayo ifanye sehemu yake kwa kumpunguzia ada ya leseni kila mwenye duka anayeuza bila kifungashio. Mama huyu hulipa sawa na kioski cha jirani, ambacho kila jioni hujaza gunia zima la taka kwa ajili ya lori ambalo wiki nyingine haliji.

Anayetaka kufika atalikuta duka likiwa wazi kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa tatu usiku. Maziwa mapya huja mwendo wa saa nne asubuhi, na Jumapili huisha mapema. Beba chupa ya kioo au kibuyu cha chuma chenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana, kioshwe kwa maji moto na kukaushwa kabisa, kwa sababu mama atakinusa kabla ya kukipeleka bombani, na kikinuka atakurudisha nyumbani. Usiposhika chombo, atakuazima chupa yake kwa amana ya shilingi hamsini, nayo utarudishiwa siku utakapoirejesha.