Ziara ya Maji Maji, Kivinje hadi Nandete: mwongozaji wa maana, gari la hovyo

Kwa wanaouliza kama inafaa kumlipa mtu akupeleke milima ya Umatumbi: inafaa, ila kodini gari lenu wenyewe. Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na nilikwenda nikiwa na wasiwasi. Wengi wanaozungusha watu kwenye maeneo ya vita vya Maji Maji, vya kupigana na Wajerumani 1905 hadi 1907, wana hadithi moja tu: mganga, maji, risasi, watu wakafa. Ukiuliza ni kitu gani kiliwachosha watu hadi wakaikabili bombomu, bunduki ya rashasha, kwa mikuki na magobori, jibu hakuna.

Kijana aliyetuongoza alianzia pengine kabisa. Pale Mwembe Kinyonga, Kilwa Kivinje, alitusimulia habari za Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Miaka kumi kabla ya Maji Maji! Kumbe kusini kulikuwa kunafuka moshi zamani. Baada ya hapo akaja kwenye kodi: rupia 3 kwa kila nyumba, tangu 1898, na asiyekuwa nazo anazifanyia kazi. Anayekuja kudai ni akida, mtu wa pwani aliyewekwa na serikali juu ya Wamatumbi, watu ambao hawakuwahi kuwa na mfalme wala sultani. Akida ana askari, na askari ana kiboko. "Hamsa wa ishirini," akasema, fimbo 25, na mama mmoja kwenye kundi letu akaguna kwa sauti.

Mji wenyewe wa Kivinje alituharakisha mno. Majengo ya kale tuliyaona kwa dirishani, na nadhani sababu ilikuwa samaki wa Somanga aliokuwa amekwisha kuwaagiza. Samaki walikuwa watamu, sikatai.

Njiani kupanda Nandete ndipo alipolipwa halali yake. Habari ya pamba aliifundisha kuliko nilivyoifundisha mimi. Kuanzia 1902, chini ya gavana Götzen, kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, alitakiwa kuwa na shamba la pamba la kulimwa na watu wake wote. Wilaya ya Dar es Salaam kila mtu alipangiwa siku 28 kwa mwaka, na malipo ya mwanzo yalikuwa senti 35, watu wakazikataa. Sasa linganisha senti hizo na kodi ya rupia 3. Halafu pamba haisubiri: inataka palizi wakati uleule mahindi na mtama wa nyumbani vinataka palizi, na nguruwe na ngedere hawana habari na amri ya gavana. Alituonyesha mteremko akauliza, "Mwalimu, ungekuwa wewe, ungepalilia lipi kwanza?" Sikumjibu upesi.

Kwenye mnara wa Nandete alieleza jambo ambalo wengi hulikosea. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyepandwa na pepo Hongo mwaka 1904, aliwagawia watu maji ya dawa, yaliyoaminika kuzuia risasi, lakini akawaambia wasubiri neno lake. Wamatumbi ndio waliochoka kusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905 wakang'oa miche ya pamba shambani, kwa makusudi, ili serikali ijue vita imefika. Agosti 4 Kinjikitile akanyongwa Mohoro, na vita ikaendelea bila yeye. Kwa hiyo maji yaliwaunganisha watu waliokuwa wakipigana kila mmoja kivyake, lakini hasira walikuwa nayo kabla ya kuonja tone. Nampa nyota zote kwa hapo.

Nyota moja namnyang'anya kwa gari. Kigari cha chini kwenye barabara ya vumbi na mawe ya Kipatimu! Tairi lilipasuka, la akiba nalo halikuwa na upepo, tukakaa juani hadi pikipiki ikatuletea jingine. Nusu nyingine naipunguza kwa sababu Ngarambe kwenyewe hakupeleki. Ni upande wa Rufiji, anadai ni mbali. Na njaa iliyofuata, fugufugu, Wajerumani walipochoma vyakula na mashamba, aliitaja kwa sentensi mbili wakati tunateremka. Hesabu ya Wajerumani ilisema wamekufa watu 75,000. Wanahistoria wetu wamefika hadi laki mbili na nusu na zaidi, wengi kwa njaa. Hilo lilistahili kituo chake.

Mkienda, epukeni masika, bebeni maji ya kunywa ya kutosha, na patana naye bei ya chakula kabla ya kuondoka kwa sababu kwetu ilikuja kuongezwa mezani. Wenye watoto wa kidato cha tatu na cha nne, wapelekeni. Mwambieni tu asiwaharakishe Kivinje.